Kabla ya kumwita mvivu, fungua daftari lake

Ripoti za muhula zinapotoka, maneno ni yale yale katika nyumba nyingi za Tanzania: mtoto alifaulu vizuri darasa la saba, sasa yuko kidato cha pili na anashika mkia, basi amekuwa mvivu, au amepata marafiki wabaya, au simu imemharibu. Kinachofuata ni hotuba, na hotuba zetu wazazi huwa haziishi bila kutaja kilomita tulizotembea kwa miguu kwenda shule. Sikatai kwamba uvivu upo. Ninachokataa ni kuufanya jibu la kwanza, kwa sababu vijana wengi tunaowaona wamekata tamaa waliacha kwanza kuelewa, ndipo wakaacha kujitahidi.

Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, Kiingereza kikiwa somo mojawapo tu. Akiingia kidato cha kwanza, baiolojia, jiografia na hisabati zote zinafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Daftari la baiolojia la kijana mmoja wa ukoo wetu lilikuwa na mwandiko mzuri na vichwa vya habari vilivyopigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, lakini istilahi moja ilikuwa na tahajia tatu tofauti katika ukurasa mmoja, na sentensi kadhaa zilikatikia njiani, pale ubao ulipofutwa. Alikuwa akinakili herufi. Nilipomwomba anieleze kwa Kiswahili jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, alieleza bila kusita, mwanga, maji na hewa ya ukaa kila kimoja mahali pake.

Kijana wa namna hiyo hata anapojitahidi, ripoti haimwoneshi. Alama zote zilizo chini ya 30 huandikwa F, hivyo aliyetoka 11 akafika 27 anarudi nyumbani na F ile ile, na baba anayesoma herufi peke yake atamgombeza kana kwamba hajafanya lolote. Mimi ningependa kila mzazi aulizie alama zenyewe, aziandike pembeni muhula kwa muhula, na kumpongeza mwanawe kwa hizo 16 zilizoongezeka, tena mbele ya wadogo zake. Kumlinganisha na binamu aliyepata daraja la kwanza ni njia ya haraka ya kumfanya afiche ripoti ijayo.

Mzazi asiyejua Kiingereza naye ana la kufanya. Jioni amwambie mwanawe amfundishe kwa Kiswahili alichosoma siku hiyo, kisha kijana aandike jambo hilo hilo kwa Kiingereza, hata kama ni sentensi nne mbovu ambazo mwalimu atazirekebisha kesho yake. Mahali anapokwama katika kueleza ndipo asipoelewa, na hapo ndipo pa kumuuliza mwalimu. Bila shaka hayo yanahitaji muda, na binti anayetoka shule akakutana na ndoo za maji, vyombo na mdogo wa kubeba hawezi kuupata mpaka kazi za nyumbani zigawanywe upya, kaka zake wakiwemo.

Kuhusu tuisheni nina mashaka. Nyingi ni darasa lingine lililojaa, kwa lugha ile ile na kasi ile ile, likimla kijana saa za kupumzika. Upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili hufanyika mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo aliyeanza Januari ana muda wa kutosha wa kujibu mitihani iliyopita swali moja moja, bila papara. Fedha ambayo ingelipia tuisheni ya miezi michache inunue kwanza kamusi nzuri ya Kiingereza na Kiswahili pamoja na kitabu cha kiada cha somo linalomsumbua zaidi, vikae nyumbani, ili asitegemee peke yake alichowahi kunakili kabla ubao haujafutwa.