Punguzeni sauti tuusikie mziki

Kuna jambo linanikera muda mrefu na leo nimeona niliandike. Ukikaa mgahawani ukamwita mhudumu ukamwambia samahani, naomba mpunguze mziki kidogo, wenzako mezani wanakuangalia kama umewaharibia sherehe. Utaambiwa umezeeka, utaambiwa kama unataka kimya si ungekula nyumbani. Yaani imeshaamuliwa kwamba anayeomba sauti ishuke ni mtu asiyependa mziki. Mi napenda mziki kupita kiasi na napenda kula kupita kiasi, na ni kwa ajili ya hivyo vitu viwili ndo naomba ushushwe.

Ila nianze na upande wa pili maana wana hoja, tena sio hoja ndogo. Chakula na mziki havijakutana jana. Mwaka 1733 Telemann, mtunzi wa Kijerumani, alitoa mkusanyiko mkubwa wa mziki alioupa jina la mziki wa meza kabisa, na watu waliulipia kabla haujatoka, mtunzi mwenzake Handel akiwa mmoja wao. Miaka hiyohiyo kule Leipzig, Ujerumani, mtunzi Bach na kundi lake walikuwa wanapiga kwenye nyumba ya kahawa ya Zimmermann, na akatunga kantata nzima, yaani kazi ya kuimbwa na vyombo, kuhusu binti anayegombana na baba yake kwa sababu hataki kuacha kahawa. Kwa hiyo anayesema meza ni ya kula tu, mziki ubaki ukumbini, historia haiko upande wake.

Afu kuna ukumbi mtupu. Umeingia mgahawa wenye meza kumi na tano, mko wawili tu, hakuna mziki, unasikia kijiko chako kinavyogonga sahani, unasikia meza ya pembeni wanavyonong'onezana na unajua na wao wanakusikia wewe. Hapo mziki ni pazia na kila mtu anapumua. Jikoni nako watu wamesimama toka asubuhi, wengi wanasukuma siku kwa nyimbo. Hayo yote nayakubali bila kinyongo.

Na mwenye biashara ana hesabu zake. Utafiti unaotajwa sana ni wa mtafiti anaitwa Milliman, 1986, alienda kwenye mgahawa mmoja Marekani akawa anabadilisha mziki wa pole na mziki wa haraka. Usiku wa mziki wa pole wateja walikaa wastani wa dakika 56, usiku wa mziki wa haraka dakika 45. Pesa ya chakula haikutofautiana sana, iliyopanda kwenye mziki wa pole ni pesa ya vinywaji. Watu wanaichukua hiyo wanasema mnaona, mziki unauza, basi tuweke spika nyingine kule kwenye kona.

Hebu tuiangalie tena taratibu. Milliman alikuwa anapima mwendo wa nyimbo, upesi wake, hakuwa anapima ukubwa wa sauti, na kilicholeta pesa ya ziada ni mziki uliotulia. Mimi hizo dakika 11 huwa nazifikiria sana. Ndani ya dakika 11 mtu anaagiza kinywaji cha pili, hadithi inafika mwisho, na yule aliyekuja na jambo zito moyoni ambalo amelizungusha toka mlipokaa ndo anapata nafasi ya kulitoa. Ukiweka mziki wa mbio unachukua zile dakika, unapata meza tupu mapema, na usiku wenye foleni mlangoni naelewa kwa nini mtu atazitaka. Ila tuseme tu ukweli kwamba hapo mziki umetumika kama fagio. Na mwaka mmoja kabla, 1985, kuna watafiti wengine walihesabu matonge kwenye mkahawa wa chuo, mziki wa pole watu walikula matonge 3.83 kwa dakika, wa haraka 4.40. Mtu anatafuna kwa kufuata ngoma na wala hajui.

Sasa nije kwenye kitu kilichonifanya niandike haya yote, ulimi wenyewe.

Kuna neva inayobeba ladha kutoka sehemu ya mbele ya ulimi, karibu theluthi mbili ya ulimi wote. Ungetegemea itoke mdomoni iende zake moja kwa moja kwenye ubongo. Haifanyi hivyo, inapitia ndani ya sikio la kati, inakatiza kabisa nyuma ya ngoma ya sikio katikati ya vile vifupa vidogo vinavyopitisha sauti. Wataalamu kwa Kilatini wanaiita chorda tympani, yaani kamba ya ngoma. Niliposoma hilo mara ya kwanza niliweka simu chini. Waya wa ladha ya supu yako umepita kwenye ngoma ya sikio lako! Wapenzi wa chakula na wapenzi wa mziki tunatafuta sana mahali hivi vitu viwili vinapokutana, kumbe tunatembea napo kichwani, kila sikio lina pake.

Na kweli kelele zinagusa ladha. Mwaka 2011 mtafiti Woods na wenzake waliwapa watu chakula huku wamevaa hedfoni zenye kelele tupu ya kama redio isiyoshika stesheni, na kelele zilipokuwa kubwa watu walisema utamu umepungua na chumvi imepungua, ila ule mlio wa kitu kikavu kinapovunjika mdomoni waliusikia zaidi. 2015 Yan na Dando wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, wakatumia kelele za ndani ya ndege, kama dekibeli 85 (dekibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), utamu wa sukari ukashuka tena, na umami, ile ladha ya nyanya iliyoiva na supu iliyochemka muda mrefu, ikapanda. Ndo moja ya sababu zinazotajwa za watu wengi kuagiza juisi ya nyanya wakiwa angani wakati chini hawaigusi.

Lazima niwe mkweli hapa, tafiti hizo mbili hazikubaliani kwenye kila kitu, ya kwanza inasema chumvi inashuka, ya pili haikuona mabadiliko kwenye chumvi. Na zote zilitumia kelele, hazikutumia wimbo unaoupenda. Wapo waliopima kwa mziki wenyewe, 2012 kundi lililokuwa na Charles Spence wa Chuo Kikuu cha Oxford liliwapa watu peremende ileile na sauti mbili tofauti, na sauti nyembamba za juu zikaifanya ionekane tamu zaidi, sauti nzito za chini zikaisogeza kwenye uchungu. Kwa hiyo mtetezi wa spika ana haki ya kuniambia kwamba mziki unaweza kuwa kiungo kama bizari. Ndio, unaweza, nakubali kabisa. Mpishi wa Uingereza Heston Blumenthal 2007 alianza kupeleka sahani ya vitu vya bahari pamoja na gamba la konokono wa bahari lenye kifaa cha kupiga sauti ndani, unavaa spika za masikioni unasikia mawimbi huku unakula.

Lakini angalia anavyofanya. Kachagua sauti moja kwa sahani moja, kaipima, na anakutaka uisikilize. Kiungo kinapimwa jamani. Hakuna mpishi anayemwaga chumvi meza zote kwa mkupuo kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi usiku wa manane halafu aseme anachangamsha ukumbi. Na kwenye ukumbi wa siku hizi, sakafu ngumu, kuta tupu, vioo kila upande, hakuna pazia wala zulia, wimbo hauwi wimbo tena, unagonga huku unarudi kule. Watu wanapandisha sauti wasikike, kitu ambacho Mfaransa Lombard alikieleza toka 1911 kwamba mtu akizungukwa na kelele anaongea kwa nguvu bila kuamua. Watu wakipandisha, mziki haukai juu yao tena, anayeshika mitambo anaongeza, na wao wanaongeza. Kufika saa tatu usiku kila mtu anapiga kelele na hakuna anayejua nani alianza. Hapo ukiniuliza kama tuko karibu na mziki wa Oxford au ile kelele ya ndege, mi naona tumeshapaa.

Na wahudumu wako hapohapo usiku mzima. Dekibeli 85 ndo kiwango ambacho taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, inapendekeza kisizidishwe kwa saa nane, na kila zikiongezeka dekibeli 3 muda unakatwa nusu, 88 ni saa nne, 91 ni mbili. Mteja ataondoka, mhudumu zamu yake ndo kwanza nusu.

Kuna jibu lingine huwa napewa, kwamba mziki wa mgahawani si wa kusikiliza, ni wa nyuma tu, usiutilie maanani. Mtunzi Mfaransa Erik Satie alilijaribu hilo kwa moyo wote, mziki wa kuwa kama fenicha, na 1920 Paris ulipigwa wakati wa mapumziko ya mchezo wa kuigiza huku watu wameambiwa waendelee na mambo yao. Ulipoanza tu watu wakanyamaza wakarudi kukaa kusikiliza, na Satie mwenyewe inasimuliwa alikuwa anazunguka anawabembeleza waongee. Sikio la anayependa mziki haliwezi kuupuuza. Nikiwa naongea na mtu na nyuma kuna gitaa la besi linatembea vizuri, nusu yangu imeshaondoka pale mezani. Kwa hiyo mziki wa hovyo unaniumiza na mziki mzuri uliofunikwa na kelele unaniumiza zaidi.

Mtu ninayemtaja kila nikiambiwa siupendi mziki ni Ryuichi Sakamoto, marehemu sasa, mmoja wa watunzi wakubwa wa Japani. Alikuwa anakula mara kwa mara kwenye mgahawa wa Kajitsu, New York, chakula anakipenda sana, mziki unaopigwa hauvumiliki. Akamwandikia mpishi mkuu kwamba niruhusu nikuchagulie nyimbo, na akazichagua bila malipo, mambo yalijulikana sana 2018. Hakuomba kimya. Aliomba kinachopigwa kifanane na kilichoko kwenye sahani. Nani atamwambia Sakamoto kwamba kazeeka, hapendi raha?

Nimalizie na mezani kwetu. Tulitoka na mama kula, mgahawa siutaji jina, tumewekwa chini ya spika, kijiko kwenye sosa kinatetemeka chenyewe kwa besi. Mama masikio yake yameanza kuchoka. Nilikuwa namsimulia jambo la kazini na yeye anatabasamu, anatikisa kichwa, nikaendelea, nikafika mahali pa huzuni kabisa na bado anatabasamu. Ndo nikajua hajasikia hata sentensi moja, toka tufike alikuwa ananifuata sura tu asije akanikatisha. Na chakula alikuwa ameacha nusu, mtu ambaye sahani yake huwa inarudi jikoni safi.

Nikamwita mhudumu, kijana mdogo, nikamwambia samahani mdogo wangu, naomba hii ya juu yetu tu mshushe. Akaangalia kaunta kwanza, akaenda, ikashuka kidogo, wala haikuzimwa. Mama akavuta sahani akaanza kula tena. Baada ya muda akasimamisha kijiko, akageuza sikio juu kwenye spika, akasikiliza kama mistari miwili hivi.

"Huyu anayeimba nani?"