Hakuna aliyenunua Nokia, tulinunua tochi

Niliuza simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kwa miaka kadhaa, na sikumbuki mteja hata mmoja aliyeingia dukani akataja namba ya modeli. Walisema tu, "Nipe kitochi." Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003 na ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Walioitengeneza walikuwa na mengi ya kujivunia: vibonyezo visivyoingiza vumbi, mgongo usioteleza kwa jasho. Sisi tuliona kile kitaa kidogo kichwani. Wakenya wakaenda mbali zaidi, wakaiita mulika mwizi. Umeme ukikatika unatoka nayo kwenda choo cha uani, unahesabia chenji, unatafutia tundu la kitasa.

Sijasomea masoko. Ila nimekaa na waliosomea, nikawasikia wakiizungumzia tabia ya mlaji kama kitu kinachopatikana kwa dodoso la kurasa kumi na mbili na vijana wenye fulana zinazofanana. Maoni yangu: kampuni ya nje inayotaka kuuza kwetu ianze na jina la mtaani. Mtu akiipa bidhaa jina lake mwenyewe, ameshakwambia alichonunua, tena bure.

Tusiwaonee Nokia lakini. Hawakuwa wamelala. Walikuwa na mtafiti wao, Jan Chipchase, aliyefika mpaka Uganda kuangalia watu wanavyochangia simu moja. Mwaka 2007 ikatoka Nokia 1200, yenye uwezo wa kuweka vitabu vya namba zaidi ya kimoja, ili baba, mama na shemeji kila mtu awe na majina yake humo humo. Hiyo ni kazi ya mtu aliyekaa kwenye benchi la kibandani akatazama. Ndiyo maana suala la laini mpaka leo linanishangaza.

Kuna mama mmoja alikuwa anakuja dukani kununua vocha. Kitochi chake kilifungwa rababendi kwa sababu kava lilishalegea, na ndani alikuwa ameweka kijikaratasi kilichokunjwa ili betri isicheze. Akitaka kumpigia mwanawe wa Mwanza, anafungua rababendi, anabandua kava kwa ukucha, anatoa betri, anatoa laini, kisha anafungua fundo kwenye pindo la khanga na kuchomoa laini nyingine. Simu ikiwaka inamuuliza saa na tarehe. Hajibu, anabonyeza tu mpaka ipite. Akimaliza kuongea anarudia kazi yote upya, asije akakosa simu za wateja wake wa samaki. Mara ngapi kwa siku? Nilishaacha kuhesabu. Kupiga kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa kunauma, basi kila mtu alikuwa na laini ya nyumbani na laini ya biashara, na simu moja.

Yule mama alikuwa ameshachora bidhaa mpya kwa mikono yake. Kilichobaki ni mtu wa kuitengeneza. Nokia walitangaza C1-00 yao ya laini mbili mwaka 2010, na hata hiyo laini hazikuwa hewani kwa pamoja. Ilibidi ubonyeze kitufe uhame kutoka moja kwenda nyingine. Kwa maneno mengine, walimwondolea mama rababendi wakamwachia tatizo.

Kwa nini walichelewa hivyo, na walikuwa na watu waliofika hadi Uganda? Nionavyo mimi, walikuwa na wateja wawili na wakamsikiliza mmoja. Ulaya na Marekani simu nyingi zilikuwa zinauzwa na kampuni za mitandao zenyewe, kwa mkataba, zikiwa zimefungiwa laini ya kampuni hiyo. Nani hapo anataka simu yenye nafasi ya laini ya mshindani wake? Huku kwetu mtandao hauna kauli. Unanunua simu kwa pesa yako taslimu, unakwangua vocha, unaweka laini unayotaka. Sokoni kwetu bosi alikuwa mwenye khanga, lakini mikutano, nahisi, ilifanyika na mabosi wengine.

Pengo hilo likazibwa na simu ya Mchina. Wa umri wangu mnaikumbuka: laini mbili, spika ya kuamsha mtaa, nyingine ina antena ya kuvuta kama redio unaangalia TV. Nembo yake ilikuwa ya kuigiza, herufi moja imekosewa. Ubovu wake tuliujua wote, wauzaji na wanunuzi. Ikiharibika hakuna wa kumlilia, na Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia nchi nzima, watu wakabaki na redio za mfukoni. Hata hivyo ile feki ilikuwa dodoso lililojazwa vizuri kuliko yote. Kila kilichokuwemo ndani yake kilikuwemo kwa sababu kuna mtu alikitaka.

Aliyelisoma ni Zhu Zhaojiang, aliyeanzisha kampuni ya simu ya Transsion mwaka 2006 baada ya kufanya kazi Ningbo Bird, kampuni nyingine ya simu ya China. Tecno, itel na Infinix zote ni zake, na kwao China haziuzwi. Watu wanasema Tecno ilishinda kwa bei. Si kweli, nilikuwepo kaunta. Feki ilikuwa rahisi zaidi. Tecno walichukua yale yale ya Mchina, yaani laini mbili zilizo hewani zote, chaji ya kukaa, sauti kubwa, wakaongeza jina lisiloona aibu na mahali pa kurudisha simu ikifa. Mteja alikuwa tayari kuongeza pesa kwa ajili ya hicho cha mwisho. Kisha ikaja kamera iliyorekebishwa kwa ngozi nyeusi. Kama umewahi kupigwa picha ya usiku kwenye kitchen party ukatoka meno na hereni tu, huhitaji kuelezwa kwa nini akina dada waliacha kuuliza ni megapikseli ngapi. Walikuwa wanasema, "Nipige kwanza nione."

(Tecno walizipaka kuta za nchi nzima rangi yao ya bluu, hilo nalo lilisaidia. Ila rangi hairudishi mteja mara ya pili.)

Siku hizi siko Aggrey, ila nikipita bado nasikiliza. Simu kubwa sasa zinachukuliwa kwa mkopo. Unatanguliza kiasi kidogo, unalipa kila siku kwa simu hiyo hiyo, ukichelewa inajifunga. Kwenye mabango inaitwa fursa, na kwa dereva wa bodaboda anayeingiza hela kila jioni hesabu yake inaeleweka kabisa. Wiki iliyopita nilipanda boda Ilala, tukafika, nikataka namba ya dereva nimtumie nauli. Akaniambia nimpe taslimu. Simu ilikuwa imejifunga tangu asubuhi, na laini yake iko humo.

"Hii kausha damu yangu," akaipiga kofi mfukoni, "mpaka jioni, kaka."