Chenji ya Kampeni ni ya Nani?

Mchango wa harusi ukizidi bajeti, mweka hazina huandika kwenye grupu la WhatsApp: "Imebaki elfu kumi na nane." Kimya. Kisha mmoja anasema wapewe maharusi, mwingine anadai kamati irudishiwe nauli, wa tatu anataka zitunzwe hadi harusi ijayo. Wamarekani wanabishania jambo hilohilo tangu zamani, ila salio lao ni mamilioni ya dola za kampeni.

Sheria yao ya shirikisho ni kali kwa jambo moja: mgombea asile fedha hizo. Kipimo chake ni swali jepesi. Je, gharama hii ungekuwa nayo hata kama usingegombea? Kama ndiyo, toa mfukoni mwako. Jesse Jackson Jr., aliyekuwa mbunge wa Illinois, alifungwa miezi 30 mwaka 2013 kwa kutumia takriban dola 750,000 za wachangiaji kwa mambo yake, ikiwamo saa ya Rolex iliyopakwa dhahabu. Duncan Hunter wa California naye alikiri kosa mwaka 2019. Katika hesabu zake kulikutwa hata nauli ya ndege ya sungura wa familia.

Ukali huo ulichelewa. Wabunge waliokuwamo Januari 8, 1980 waliruhusiwa kustaafu na salio lao likiwa mali yao, na mlango huo ulifungwa tu kwa waliobaki bungeni kuanzia Januari 1993. Uchaguzi wa 1992 ulipokaribia, walioaga walikuwa wengi kuliko kawaida. Si wote walioondoka kwa ajili ya fedha, lakini minong'ono ilikuwepo.

Leo salio linaweza kulipa madeni, kurudishwa kwa waliochanga, kutolewa sadaka, kupelekwa chamani bila kikomo, au kumsaidia mgombea mwingine kwa dola 2,000 kwa kila uchaguzi. Linaweza pia kukaa tu likisubiri.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja. Ukimlazimisha mgombea amalize kila senti ifikapo siku ya kura, wiki ya mwisho itageuka sherehe ya tisheti na mabango. Na kumtafuta kila aliyechanga dola tano ili umrudishie kunaweza kugharimu kuliko hizo tano zenyewe.

Mimi kinachonisumbua ni huko kusubiri. Mark Takai, mbunge wa Hawaii, alifariki Julai 2016, lakini kamati yake ya kampeni iliendelea kumlipa mshauri kwa zaidi ya mwaka. Marehemu alikuwa akishauriwa nini? Wapo pia wastaafu waliogeuka washawishi wa kulipwa, wanaowachangia wabunge walewale wanaowabembeleza, kwa fedha walizopewa na wapiga kura kwa kazi nyingine kabisa. Ningewapa kipindi kimoja cha uchaguzi, kisha salio liende chamani au kwenye hisani, wapende wasipende.

Hata hivyo, tarehe ya mwisho haijibu kila kitu. Joe Biden alipojitoa Julai 2024, kamati yake ilikuwa na zaidi ya dola milioni 90. Ilibadilishwa jina ikawa ya Kamala Harris, kwa hoja kwamba alikuwa mgombea mwenza na jina lake lilikuwa tayari kwenye usajili. Kambi ya Trump ililalamika kwa tume ya uchaguzi ya shirikisho. Kwa maoni yangu, hoja ya Harris ilikuwa na nguvu: aliyewachangia wale wawili alijua anawachangia wawili. Lakini angerithi gavana yeyote, mamilioni hayo yasingehama hivyo. Kamati ya Biden ingeweza kumpa dola 2,000 tu.

Hapa kwetu Kenya hatujafika huko. Sheria ya kufadhili kampeni tunayo tangu 2013, lakini mwaka 2021 Bunge lilizikataa kanuni za kuitekeleza, na 2022 tukapiga kura bila ukomo wa matumizi. Mgombea akibakiwa na fedha za kampeni Kenya, anayejua ni kiasi gani ni yeye na mweka hazina wake.