Gari Lako Huliegesha Wapi, Mzee?

Jumanne moja nilikuwa nimeketi dakani, baraza ya mlangoni, kikombe cha kahawa tungu mkononi, kipande cha halua kando, nangoja adhana ya alasiri. Mara namwona kijana yuaja kichochoroni na kizibao cha rangi ya chungwa kinachowaka kama makaa. Shingoni kitambulisho, mkononi kishikwambi. Alipofika chini ya wikio akapiga kichwa kwenye boriti, halafu akaiambia boriti, "Pole." Hapo nikajua mambo mawili: ana adabu, na ni mgeni.

Wikio ni kile chumba cha juu kinachovuka kichochoro kuunganisha nyumba mbili, watu wa Lamu tunakijua toka utotoni na tunainama bila kufikiri. Wangu niliachiwa na mababu waliokuwa wafupi, au wabahili wa chokaa.

"Shikamoo mzee. Tunakusanya maoni ya wakaazi kuhusu miundombinu, makaazi na huduma za jamii. Dakika kumi tu."

Mimi nikisikia neno miundombinu huanza kutafuta ndara zangu. Mara ya mwisho lilipoingia mtaani, walikuja watu wakafukua mtaro, wakauacha wazi miezi mitatu, wazee tukawa twarukaruka kwenda msikitini kama mbuzi waliokata kamba. Kisha wakaja wengine wakafunika kwa vipande vya zege, vikavunjika wiki hiyo hiyo, maana aliyevipima unene hakuuliza ni nani apitaye juu yake. Lakini kahawa ilikuwa bado ya moto, na kijana ana uvimbe kipajini. Nikamkaribisha.

Swali la kwanza: "Mzee, gari lako huliegesha wapi?"

Nikamtazama yeye, nikakitazama kichochoro. Mimi nikinyoosha mikono, kiganja kimoja chagusa ukuta wangu, cha pili ukuta wa jirani. Nikamnyooshea, ajionee.

"Sina gari, mwanangu."

Akabonyeza, kishikwambi kikakataa, kikatoa kinyota chekundu. "Hapa ni lazima tujaze, mzee. Bila hili hakifunguki ukurasa wa pili."

"Nina punda."

Akafikiri. "Punda ni chombo cha usafiri?"

"Hata yeye hilo hajaliamua."

Punda wangu aitwa Stima. Watu hudhani ni kwa nguvu zake. La. Ni kwa sababu hukatika ghafla bila taarifa, katikati ya njia, na hakuna ajuaye atarudi lini. Ukimpigia kelele hakusikii, ukimbembeleza hakusikii, wakaa gizani ukingoja huruma yake.

"Nambari ya usajili?"

"Ana kovu sikio la kushoto."

Akaandika KOVU KUSHOTO. Kishikwambi kikakubali, naapa.

"Atumia mafuta gani? Petroli, dizeli au umeme?"

"Majani, na maganda ya embe msimu ukiwepo."

"Hiyo haimo. Naye aitwa nani?"

"Stima."

"Basi tuandike umeme."

Kwa hiyo katika kumbukumbu zao, mwenye gari la umeme hapa mtaani Langoni ni mimi.

Tukasonga mbele. Umbali kutoka nyumbani hadi barabara ya lami iliyo karibu? Nikamweleza: wateremka hadi gatini, wapanda boti, wavuka hadi Mokowe, nusu saa kama boti haingoji abiria, na sijaiona boti isiyongoja abiria. Lami iko huko ng'ambo. Akauliza ni kwa matatu, basi au bodaboda. Nikasema boti. Akabonyeza "nyinginezo". Nimeishi miaka sitini na mitatu kwenye kisiwa, na leo ndiyo nimejua kumbe bahari ni nyinginezo.

Lori la taka hupita mara ngapi kwa wiki? Mwanangu, lori likipita hapa litapitia chumbani kwangu. Taka zetu hutoka kwa mkokoteni na kwa mgongo wa Stima na wenzake, akiwa hana hamu ya kukatika siku hiyo. Ingawa nikiri jambo moja, maana sitaki kuonekana mtu wa kulalama tu: mwaka 2017 ilipopigwa marufuku mifuko ya plastiki nchi nzima, punda walipumua. Zamani walikuwa wakiila jaani pamoja na mabaki ya chakula, matumbo yakiziba, wengine wakifa. Tangu nizaliwe, hiyo ndiyo sheria niliyoiona ikimfaa punda kabla ya mtu.

Tukafika kwenye maji. Hapo nikaagiza kahawa ya pili.

"Chanzo chako cha maji? Chagua kimoja."

Kimoja! Nikamwambia aandike. Maji matamu ya mji huu yatoka kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Mvua yanyesha, mchanga wainywa, yakaa huko chini juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Visima viko huko, pampu yayavuta yaje mjini. Ukivuta kupita kiasi, ya chumvi yapanda. Ukijenga juu ya vilima, na makaro yako yateremka mumo humo. Hayo kila mtoto wa Lamu ayajua, ila wale wanaotaka kujenga wakiangalia bahari.

Hayo ndiyo maji ya mfereji. Mfereji wangu watoa upepo tangu mwezi wa Shaabani. Mke wangu huamka saa tisa za usiku kuutegea, kama mvuvi ategaye dema. Ukikoroma, apiga kelele "Yaja!" na nyumba nzima yaamka na ndoo. Mara nyingi ni upepo tu. Cha pili ni kisima cha uani, cha kufulia. Mtu akioga kwacho hutoka amekolea kama ng'onda. Cha tatu ni mtungi wa lita ishirini, waletwa na mwenye punda mwingine. Naam, mimi mwenye punda namlipa mwenye punda mwingine aniletee maji, kwa sababu Stima hakubali kubeba kitu kinachofanya mlio tumboni mwake. Na cha nne ni birika.

"Birika la chai?"

Nikamwinua, nikampeleka chooni akaone. Birika la chokaa, limejengwa kwenye pembe, lafika kiunoni. Akachungulia. Akaruka nyuma.

"Mzee! Kuna samaki!"

"Wawili. Hula viluwiluwi vya mbu."

Akasimama pale akiwatazama muda. Wadogo, weusi, hata kwa mchuzi hawafai. Nikamwambia hao ndio idara yangu ya afya ya jamii: hawajapata kugoma, hawajadai marupurupu, hawajaitisha mkutano hotelini. Akafungua ukurasa wa afya akatafuta mahali pa samaki. Hapakuwa. Akabonyeza "nyinginezo", wakaenda kukaa na bahari.

Turudi dakani. Swali la makaazi. "Mzee, ungependa kuhamia nyumba za bei nafuu? Gorofa, chumba kimoja, viwili au vitatu."

Hili sikulichekea. Mwanangu ni mwalimu. Tangu sheria ya 2024, asilimia 1.5 ya mshahara wake wote hukatwa kwa ajili ya nyumba hizo kabla haujamfikia, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Yeye alala chumba cha juu kwangu, na mkewe na watoto wawili, anajengea nchi nzima. Simlaumu mtu, mwenye dhiki apate nyumba. Lakini nilimuuliza kijana: hiyo gorofa Stima atapanda na nini? Na mke wangu atatega mfereji wa ghorofa ya ngapi?

Halafu nikamwonyesha hii niliyo nayo. Ukuta wa matumbawe, unene wa dhiraa nzima, mchana wa kaskazi ndani ni baridi kama mtungi. Vyumba virefu vyembamba, upana hauzidi mita tatu, kwa sababu boriti za mkoko hazifiki zaidi ya hapo bila kupinda, na fundi wa zamani alimwuliza mti kwanza. Ila ukuta wa nyuma umepasuka. Miaka hiyo shemeji yangu aliniokolea pesa akaupiga plasta ya saruji. Saruji haipumui. Unyevu na chumvi vikabaki ndani, vikaula ukuta kimyakimya, sasa ukigonga walia kama ngoma. Wataka chokaa upya na fundi ajuaye, na fundi ajuaye bei yake pia aijua.

Isitoshe mji wetu tangu 2001 ni urithi wa dunia. Fahari, sikatai, wageni waja kupiga picha mlango wangu mpaka najifunga shuka vizuri nikitoka. Basi kugeuza dirisha lazima niombe ruhusa, nijaze karatasi, ningoje. Ukuta nao ukitaka kuanguka hauombi ruhusa kwa mtu.

"Niandike wataka kuhama au hutaki?"

"Andika nataka chokaa."

Nyinginezo.

Adhana ikalia. Kijana akashukuru, akafunga kishikwambi, akaondoka akiwa ameshika kichwa kwa mkono mmoja hata kabla ya kufika kwenye wikio. Chini yake akamkuta Stima amesimama. Amekatika. Nilitoka msikitini nikawakuta bado wanatazamana.

Wiki mbili zikapita. Jana jioni simu ikalia, ujumbe. Sina miwani, nikampa mke wangu asome. "Mpendwa mkaazi, asante kwa kushiriki. Nyumba yako imeorodheshwa miongoni mwa zisizofikika kwa huduma."

Akacheka mpaka akakaa. "Alhamdulillahi! Basi mwenye bili ya maji naye hataiona njia."

Leo saa moja asubuhi, bado nina uji mdomoni, hodi. Nafungua. Bili ya maji, miezi mitatu, nambari ya nyumba sawasawa, jina langu hata herufi haikukosewa. Yule aliyeileta nikamwangalia akiondoka. Alipofika kwenye wikio akainama bila hata kutazama, akampapasa Stima shingoni, na Stima akampisha.