Kumi Ni Kumi ya Nani?

Jamani, hebu niulize. Mtu kiuno kimemkamata, kuinama hawezi, kuinuka hawezi, ndipo nesi anamjia na kalamu: "Kuanzia sifuri mpaka kumi, unaumwa kiasi gani?" Sasa mimi nijuaje? Homa ina kipimajoto. Presha ina mashine yake ya kukubana mkono. Damu wanaivuta, wanakwenda nayo wanakojua. Ikifika zamu ya maumivu, mashine ni mimi! Tena mbovu, ndiyo maana nimeletwa hapo.

Eti kumi ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyawaza. Hapo mwenye mawazo mengi kaliwa. Mimi nikifumba macho tu namwona mamba kaning'ang'ania mguu, kiuno changu kinashuka hadi nne. Bwana wa kitanda cha jirani, ambaye hawazi chochote, kidole kimebanwa na mlango akasema tisa. Sindano kachomwa yeye kwanza.

Baada ya hapo ni mnada. Ukitaja tano, unapewa vidonge viwili na pole. Ukitaja kumi, unatazamwa kuanzia unyayo hadi utosi: "Kumi, na unaongea vizuri hivyo?" Ukijikaza, huumwi, ukilia, unadeka. Na wakati tangu mwaka 1968 nesi mwenzao wa Marekani, Margo McCaffery, alishawaambia kwamba maumivu ni yale anayoyasema mwenyewe anayeumwa. Mimi siku hizi nataja saba. Saba haigombani na mtu.

Msidhani wataalamu hawakutafuta mashine. Miaka ya 1940 huko Marekani, Hardy, Wolff na Goodell waliwamulika watu kwa taa kali kwenye paji la uso, na wao wenyewe wakiwamo, mpaka mtu aseme sasa inauma. Wakaunda na kipimo, wakakiita doli. Yaani ili ijulikane unavyoumwa, kwanza uunguzwe! Na wenzao walipojaribu, majibu yakagoma kufanana.

Kuna mwingine, Justin Schmidt, mtaalamu wa wadudu. Huyu kaumwa na kila chenye mwiba, kisha akavipanga kwa ukali wa maumivu, kuanzia 1 hadi 4. Nyuki kampa 2. Mbili! Sasa mlaze huyo karibu na yule bwana wa kidole, halafu nionyeshe nani anaumwa zaidi.

Aliyenikosha ni Ronald Melzack, mwanasaikolojia wa Kanada. Mwaka 1975 alileta dodoso la maneno 78, uchague: yanapwita, yanachoma, yanakata, yanachosha. Hapo sawa, maana kiuno changu kinapwita asubuhi na kuchoma usiku, na saba haiwezi kusema hayo. Ila maneno 78 nayo, mgonjwa ukimaliza kuchagua umeshapona.

Wakiona umesita sana wanakuletea ule mchoro wa nyuso sita uliotengenezewa watoto. Wa kwanza anacheka, wa mwisho analia machozi. Nimeukagua wote, wangu haumo. Mimi siumwi kwa kucheka wala kwa kulia, naumwa kwa kununa. Waongeze uso wa saba: mtu mzima kanuna, kaulizwa namba na nesi wa asubuhi, sasa anaulizwa tena na nesi wa jioni, na sindano yenyewe bado.