Kuelap haikujengwa na Wainka
Kuna mwandishi anayesema kwamba ngome ya Kuelap, katika milima ya kaskazini mwa Peru, ni kazi ya Wainka. Dai hilo si sahihi, kwa kuwa Wachachapoya, wenyeji wa milima hiyo, waliijenga karne nyingi kabla ya kutekwa na Wainka katika karne ya 15. Nilipofika huko nikitokea Dar es Salaam, kilichonishangaza kuliko hata kuta zenye kimo cha hadi mita 20 ni lango lake, ambalo huzidi kuwa jembamba kadiri unavyoingia, hadi anapenya mtu mmoja tu. Ndani mna mabaki ya nyumba za duara zaidi ya 400, nami naona (ingawa si mtaalamu) kuwa palikuwa mji kuliko kambi ya askari. Je, waliofika baada ya sehemu ya ukuta kuporomoka mwaka 2022 waliruhusiwa kuingia ndani?