Wimbo unampa mtu maneno, lafudhi anapewa na wanaomjibu

Kuna ubishi nausikia kila siku kuhusu vijana wanavyoongea, wengine wanasema nyimbo ndo zimewaharibu ulimi, wengine wanasema nyimbo hazina lolote, mtu anaongea kama wale aliokua nao. Mi nina mdogo wangu anarap nyimbo za Wamarekani mwanzo mwisho, ile r anaikunja kabisa, ukimsikia upo nje ya mlango unaweza kuapa ni Mmarekani. Zima muziki umuulize kitu kwa Kiingereza hichohicho, r inarudi ya kwetu na maneno anaanza kuyatafuta. Watu wanamwambia anajifanya na inaniuma, maana hajifanyi. Ukiimba, vokali zinavutwa, biti inakupangia wapi ukaze na wapi upumue, kwahiyo unabeba matamshi ya wimbo pamoja na wimbo wenyewe. The Beatles, lile kundi la Waingereza, mwanzoni waliimba kimarekani huku wakiongea kama watu wa mji wao wa Liverpool, ambao ndo walikuwa.

Kwa upande wa mazingira kuna utafiti mmoja ulitoka 2019, watu 11 walikaa pamoja msimu wa baridi kwenye kituo cha Antaktika, hakuna anayeingia wala kutoka, wakawa wanarekodiwa mara kwa mara na ndani ya miezi michache tu matamshi ya baadhi ya vokali zao yakawa yameshasogea kidogo. Hakuna aliyepanga. Mi naona sababu ni kwamba yule unayeongea nae anakujibu, anakunja uso asipokuelewa, anakucheka, na wewe unataka akukubali, wimbo haukufanyii hayo hata uusikilize mara elfu.

Ila siwezi kusema vinavyotoka kwenye spika na skrini havina nguvu. Glasgow, kule Scotland, kuna vijana walianza kutamka th ya Kiingereza kama f, yaani kama wanavyoongea London, mwanaisimu Jane Stuart-Smith na wenzake wakafuatilia wakakuta kweli kuwa na ndugu na marafiki kusini mwa Uingereza kulichangia, lakini na wale walioipenda sana EastEnders, tamthilia ya TV inayohusu watu wa London, nao walikuwa wanaitumia zaidi. Kuangalia tu haikutosha, ilibidi moyo uwepo. Hapo ndo naona hata wimbo unaweza kupenya, kwa yule anayeishi na msanii wake kichwani kama rafiki.

Halafu kuna hili linanifanya nione kwamba hivi vitu viwili, wimbo na mazingira, tunavitenganisha kwa nguvu. Mwaka 2009 mtafiti Kathleen Wermke na wenzake walirekodi vilio vya vichanga 60, nusu Wafaransa nusu Wajerumani, wana siku chache tu duniani. Wa Kifaransa vilio vyao vilielekea kupanda, wa Kijerumani kushuka, kama lugha za mama zao zinavyopanda na kushuka. Tumboni maneno hayasikiki vizuri, kinachopita ni ule mpando na mshuko wa sauti, kwahiyo kitu cha kwanza mtoto alichochukua kwenye mazingira yake kilikuwa melodi.